Akiba Isiyooza: Historia ya Nyama ya Mkebe na Nchi ya Turkana

Methali yetu yasema kwamba akiba haiozi. Ni methali njema, na mwenye nafaka ghalani au fedha kibindoni hawezi kuipinga. Lakini, msomaji, mpelekee methali hiyo mfugaji wa Turkana siku aliyochinja ng'ombe wake, naye atakuonyesha mara moja mahali inapokoma. Nyama ni akiba iozayo. Mjini Lodwar, ukingoni mwa mto Turkwel, joto la mchana hufikia digrii 35 za Selsiasi karibu kila mwezi wa mwaka. Na kule Kakuma, yapata kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi, hali ni iyo hiyo. Katika joto kama hilo nyama mbichi iliyochinjwa alfajiri haingoji kesho.

Ndiyo sababu, tangu kale, ghala la mfugaji lilikuwa na miguu minne. Mnyama aliye hai haozi. Hujitafutia malisho, hujisafirisha mwenyewe, hutoa maziwa na damu, huzaa, na siku ya haja huchinjwa akaliwa na jamaa na majirani, ili siku nyingine jirani naye achinje na wema ulipwe kwa wema. Mpango huo ulikuwa wa busara. Uliwalisha Waturkana katika nchi ipatayo mvua haba, yapata milimita 200 tu kwa mwaka kule Lodwar. Lakini ulikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Ukame unapokaza, wanyama hawafi mmoja mmoja kwa zamu. Hufa wengi kwa pamoja. Hapo nyama huzidi vinywa vya kuila, na baada ya siku chache hakuna nyama wala mnyama. Njaa ya mwezi ujao huzaliwa na nyama iliyooza mwezi huu.

Je, hapana njia ya kuiweka nyama hata siku ya njaa? Wanadamu wamelijibu swali hilo kwa namna nyingi, na katika insha hii tutafuata jibu moja, yaani jibu la moto. Tutaona lilikotoka, jinsi lilivyofika Afrika ya Mashariki, na kwa nini halikuwafaa upesi watu waliolihitaji kuliko wengine wote.

Jibu la kwanza lilitolewa na wafugaji wenyewe. Waturkana walikata nyama vipande virefu vyembamba, wakavianika juani penye upepo mpaka vikakauka. Wavuvi wa ziwani walipasua samaki na kuwaanika vivyo hivyo. Uozo hauwezi kufanya kazi pasipo maji, na jua la Turkana, linalomchoma mtu, humhifadhia pia chakula. Jirani zao Waborana na Wasomali waliendelea mbele zaidi kwa chakula kiitwacho nyirinyiri. Nyama ya ng'ombe au ya ngamia hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, hukaangwa vizuri katika mafuta, kisha hutiwa katika chombo na kufunikwa na mafuta yale yale. Nyama hiyo hudumu kwa miezi mingi. Utaona, msomaji, kwamba wanawake wa kaskazini walikuwa wamekwisha kugundua mambo mawili makubwa: moto huua uozo uliomo ndani ya nyama, na kifuniko huzuia uozo mpya usiingie.

Walipika kwanza, kisha wakafunika. Mbali sana na Turkana, katika nchi ya Ufaransa, mtu mmoja aliugeuza mpango huo: alifunika kwanza, kisha akapika. Jina lake Nicolas Appert. Alizaliwa mwaka 1749, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vyakula vitamu na kuviuza mjini Paris. Hakuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe, wala hakuwa na chombo cha kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho. Alikuwa na chupa nene za kioo, vizibo, sufuria kubwa ya maji, na saburi. Kuanzia miaka ya 1790 alitia nyama, mboga, maziwa na matunda katika chupa, akaziziba kabisa, akazichemsha katika maji kwa saa kadhaa, kisha akangoja. Chupa zilizozibwa vizuri na kuchemshwa vya kutosha zilifunguliwa baada ya miezi mingi, na chakula kilikuwa kizima.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa vitani, na jeshi lenye njaa ni mzigo kwa mfalme wake. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimlipa Appert faranga 12,000 kwa sharti moja, kwamba aandike kitabu na kuwafunulia watu wote siri yake. Akakiandika. Siri haikuwa mali ya mtu mmoja tena. Ikawa mali ya kila mtu mwenye moto na chombo. Mwenyewe hakutajirika. Kiwanda chake cha Massy kiliharibiwa na majeshi ya adui yalipoingia Ufaransa, naye akafa maskini mwaka 1841.

Chupa ina ila: huvunjika, na ni nzito. Mwaka ule ule wa 1810, mjini London, mfanyabiashara Peter Durand alipewa hati ya mfalme ya kutumia vyombo vya chuma kilichopakwa bati. Mafundi Bryan Donkin na John Hall wakajenga kiwanda pale Bermondsey, na kutoka mwaka 1813 wakaanza kuwauzia nyama ya mkebe mabaharia na askari wa Uingereza. Mikebe hiyo ya kwanza ilikuwa ya chuma kinene mno, hata mlaji aliagizwa aifungue kwa patasi na nyundo. Ni jambo la kuchekesha kwamba kifungulio cha mikebe kilichelewa kubuniwa kwa zaidi ya miaka 40 baada ya mkebe wenyewe.

Lakini wakati huo hakuna aliyejua kwa nini moto ulihifadhi nyama. Appert mwenyewe alidhani kuwa jambo kubwa ni kuiondoa hewa. Na asiyejua sababu ya jambo hufanikiwa leo na kushindwa kesho. Mwaka 1852 Waingereza walifungua mikebe ya nyama iliyouzwa kwa jeshi lao la majini na mtu aitwaye Stephan Goldner, wakaona mikebe mingi imejaa uozo wenye harufu isiyovumilika. Sababu moja ilikuwa nyepesi: mikebe ilikuwa mikubwa kupita kiasi. Nyama ya kando ilipata moto wa kutosha, lakini moto haukufika katikati. Mpishi yeyote aliyekata kipande kikubwa cha nyama, akakikuta kimeungua nje na damu ingalimo ndani, anaijua sababu hiyo.

Katika miaka ya 1860 mtaalamu Mfaransa Louis Pasteur aliithibitisha sababu yenyewe. Chakula hakiozi kwa sababu ya hewa tupu. Kinaozeshwa na vijidudu, viumbe vidogo sana vinavyosafiri kwa hewa, kwa mikono, kwa visu na kwa maji. Moto huviua, kifuniko huvizuia vingine visiingie. Hapo kazi ya Appert, na kazi ya mpishi wa nyirinyiri pia, ikapata maelezo yake.

Ungedhani kwamba mambo yamekwisha. Bado. Mwezi wa Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wapiga muziki waliotoka mazikoni walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Wengi wakaugua: macho yakaona vitu viwili viwili, koo zikashindwa kumeza, na watatu wakafa. Mtaalamu Emile van Ermengem akaichunguza nyama ile, na mwaka 1897 akatangaza kijidudu kilichoileta sumu hiyo. Ugonjwa wenyewe huitwa botulizimu. Kijidudu hicho ni adui wa namna ya pekee. Hakipendi hewa, kwa hiyo mkebe uliozibwa vizuri ni nyumba yake njema. Tena, kikiona shida, hujifunga ndani ya mbegu ngumu, na mbegu hiyo huweza kuchemshwa katika maji kwa saa nyingi isife. Mkebe ukipoa, mbegu huamka, hukua, na kutoa sumu kali kupita sumu nyingi zinazojulikana. Mara nyingine mkebe huvimba na kumwonya mtu. Mara nyingine hauonyi.

Hapa, msomaji, tia akilini jambo moja la elimu ya maji. Penye usawa wa bahari, maji yakichemka hufikia digrii 100, wala hayapiti hapo hata ukiongeza kuni za msitu mzima. Yanageuka mvuke tu. Nchi za juu hayafiki hata hapo: mjini Nairobi maji huchemka yapata digrii 95, na Lodwar, iliyo chini zaidi, yapata digrii 98. Basi maji ya sufuria wazi hayawezi kuiua mbegu ile kwa muda unaofaa. Dawa yake ni kuufungia mvuke ndani ya mtambo wa chuma wenye kifuniko cha kukaza. Mvuke ukikosa njia, nguvu yake huongezeka, na joto hupanda kupita 100. Katika digrii 121, dakika tatu hivi zatosha kuimaliza mbegu ya botulizimu. Lakini angalia: dakika tatu hizo huhesabiwa katikati ya nyama, mahali moto unapochelewa kufika kuliko pengine pote, wala si penye ukuta wa mkebe. Kwa sababu hiyo mkebe mzima huweza kukaa mtambo­ni zaidi ya saa nzima.

Hesabu hiyo haikupatikana kwa kubahatisha. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1895, Samuel Prescott na William Underwood walijifungia katika maabara ya chuo cha ufundi cha Massachusetts, wakapima jinsi joto linavyopenya mkebe na vijidudu gani hubaki hai. Mwaka 1922 wataalamu Esty na Meyer wakatoa vipimo vya mauti ya mbegu ya botulizimu, na vipimo hivyo viliongoza viwanda vya dunia nzima. Kutoka hapo kuhifadhi nyama kwa moto kuliacha kuwa bahati ya mpishi, kukawa elimu yenye vipimo.

Sasa tuirudie Afrika ya Mashariki. Nyama ya mkebe ilifika kwetu kwanza kama chakula cha wageni: askari, mabaharia na maofisa wa serikali. Kuitengeneza hapa hapa kulianza baadaye, kwa mkono wa kampuni ya Liebig. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1865 ili kutumia nyama ya ng'ombe wa Amerika ya Kusini, ambao hapo zamani walichinjwa kwa ajili ya ngozi, na nyama yao nyingi ikaachwa bure. Iliona kwamba Kenya nayo ina ng'ombe wengi, na mwaka 1938 kiwanda chake kikafunguliwa Athi River, karibu na Nairobi.

Kiwanda ni tumbo, na tumbo hutaka kujazwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikisema kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi mno na kwamba ardhi yao inamomonyoka. Ardhi ilimomonyoka kweli. Lakini Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo dogo baada ya malisho yao mengine kupewa walowezi. Mwaka 1938 ng'ombe wao wakakamatwa na kuuzwa kwa nguvu, kwa bei ya chini, na kiwanda kikapata nyama. Ndipo Muindi Mbingu akasimama. Chini ya uongozi wake maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, waliandamana mpaka Nairobi wakataka kusema na Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa wasirudi nyuma. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuuacha uuzaji wa nguvu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi yaitwa kwa jina lake. Wengi hupita hapo wasijue kwamba jina hilo lina uhusiano na mkebe wa nyama.

Nimekukumbusha habari hiyo, msomaji, kwa kuwa ina fundisho lisilopatikana katika vipimo vya moto. Mtambo unaweza kuwa sahihi kwa kila digrii, na bado ukamdhulumu mwenye ng'ombe. Anayemiliki mkebe ndiye apangaye bei ya mnyama.

Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda viliongezeka. Mwaka 1947 serikali ya Tanganyika, ikishirikiana na Liebig, iliunda kampuni ya Tanganyika Packers, iliyotengeneza nyama ya mkebe pale Kawe, Dar es Salaam. Kiwanda hicho kimekwisha kufungwa, ingawa watu wa Kawe wangali wakiita mahali pale kwa jina lile lile. Mwaka 1950 Tume ya Nyama ya Kenya iliundwa kwa sheria, na baadaye ikakitwaa kiwanda cha Athi River. Tume hiyo ilistawi kwa miaka mingi, ikaanguka na kufungwa katika miaka ya 1990, ikafunguliwa tena mwaka 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Na Turkana je? Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni asiingie bila kibali. Mifugo ya wilaya za kaskazini iliwekewa karantini kwa miongo mingi kwa kuogopa maradhi yasije yakafikia mashamba ya walowezi. Lodwar ilianza kuwa mji wa biashara katika miaka ya 1930, lakini serikali iliiona zaidi kuwa mahali pa kuwaweka watu mbali. Ndipo alipowekwa Jomo Kenyatta kutoka mwaka 1959 hadi 1961, baada ya kifungo chake cha Lokitaung. Kutoka Lodwar hata Athi River ni safari ya kilomita 700 na zaidi. Ng'ombe mwenye afya hukonda njiani. Ng'ombe aliyepigwa na ukame hafiki. Kwa hiyo nchi yenye wanyama wengi wa kufa kwa kiu, na watu wengi wa kufa kwa njaa, ilikuwa mbali na mtambo ambao ungeweza kugeuza hasara hiyo kuwa chakula.

Ubaya wa hali hiyo ulionekana wazi kati ya mwaka 1979 na 1981. Ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi wa silaha vilikutana mahali pamoja. Waturkana wanaukumbuka wakati huo kwa jina la Lopiar, yaani mfagio uliofagia kila kitu. Maelfu ya watu waliokuwa na mifugo wakawa watu wa kungoja mahindi ya msaada katika makambi.

Wakati huo huo, katika ukingo wa ziwa, jaribio lingine la kuhifadhi chakula lilikuwa likifanywa. Pale Kalokol, serikali ya Norwe ilisaidia kujenga kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki kwa barafu. Kilikuwa tayari mwaka 1981. Kikafanya kazi kwa siku chache tu, kisha kikanyamaza. Kugandisha samaki katika nchi ya joto kali kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama yake ilizidi thamani ya samaki wenyewe. Jengo hilo likabaki, na wavuvi wakarudi kuanika samaki juani kama walivyofanya baba zao.

Hapa ndipo penye moyo wa jambo tunalolisema. Baridi hudai malipo kila siku. Moto hudai mara moja. Nyama iliyogandishwa Lodwar sharti ilindwe na mashine usiku na mchana, njiani, dukani na nyumbani, na mashine ikizimika saa chache tu, kazi yote ni bure. Kwa miaka mingi Lodwar ilipata umeme wake kwa mitambo ya dizeli, na nguvu ya maji ya bwawa la Turkwel, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, ilipelekwa kwenye nyaya za kusini. Lakini nyama iliyozibwa katika mkebe na kupikwa kwa digrii 121 imekwisha kulipa deni lake. Yaweza kubebwa juu ya punda, kukaa miaka miwili katika duka la mabati, na kuliwa na mtoto asiyejua umeme ni kitu gani. Kwa nchi ya joto isiyo na nyaya za umeme, moto una faida kuliko baridi.

Lakini tusiseme nusu ya ukweli. Kwanza, si kila nyama iliyofungwa imepikwa namna hiyo. Nyama nyingine, kama soseji na mapaja ya nguruwe yaliyofungwa katika karatasi za plastiki, hupata moto mdogo, chini ya digrii 100, ili ladha yake isiharibike. Moto huo huua vijidudu vingi, lakini hauziui mbegu ngumu. Kwa hiyo nyama hiyo sharti ikae katika baridi, nayo haifai kwa safari ya Kakuma. Pili, ziko mbegu nyingine, zisizo na sumu, ambazo hustahimili hata moto wa mtambo. Katika nchi za baridi hulala usingizi ndani ya mkebe wala hazimdhuru mtu. Lakini mkebe ukiwekwa mahali penye joto linalopita digrii 40 kwa muda mrefu, mbegu hizo huamka na kukichachusha chakula. Kwa hiyo mkebe unaotengenezwa kwa ajili ya nchi kama Turkana hutaka moto zaidi ya ule wa Ulaya, na ghala lake hutaka kivuli na upepo. Elimu iliyopimwa mahali pengine sharti ipimwe tena hapa.

Tatu, kiwanda hakiishi kwa ukame peke yake. Mwaka wa njaa wanyama huletwa kwa maelfu. Mwaka wa mvua mfugaji hauzi, kwani anataka kulijaza tena zizi lake. Mtambo uliojengwa kwa ajili ya mwaka mbaya hukaa bure mwaka mzuri, na wafanyakazi hudai mishahara yao miaka yote miwili. Ugumu huu si wa Turkana tu. Viwanda vya nyama vikubwa zaidi vimewahi kuumizwa nao.

Tangu mwaka 1992 swali hilo limepata uso mpya. Mwaka huo Kakuma ilipokea maelfu ya wakimbizi wa vita vya Sudan, wengi wao wavulana waliotembea kwa miguu kutoka Uhabeshi na kurudi Sudan kabla ya kuingia Kenya. Baadaye wakaja wengine kutoka Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, na pamoja na makazi ya Kalobeyei idadi yao imepita laki mbili. Chakula walichogawiwa kwa miaka mingi kilikuwa kikavu: nafaka, kunde, mafuta na chumvi. Ni chakula kinachodumu, lakini hakina nyama. Wakimbizi hawakuruhusiwa kufuga ng'ombe, ili wasigombane na wenyeji juu ya malisho. Hivyo upande mmoja wa mto Tarach palikuwa na vinywa vingi visivyo na nyama, na pande zote za nchi palikuwa na wanyama wasio na soko la hakika. Mwaka 2015 sehemu ya msaada ilianza kutolewa kwa njia ya simu, katika mpango uitwao Bamba Chakula, ili mtu anunue mwenyewe kwa wachuuzi. Mkimbizi akawa mnunuzi, na mfugaji wa Turkana aliye karibu naye akapata mteja.

Katika ukame wa mwaka 2011, na tena wa mwaka 2021 na 2022, serikali na mashirika yalinunua mifugo dhaifu katika nchi kavu za Kenya kabla haijafa. Mingine ilichinjwa papo hapo, na nyama mbichi ikagawiwa kwa majirani wenye njaa. Hilo ni jambo jema: mfugaji hupata fedha, na jirani hupata kitoweo. Lakini nyama mbichi ya leo haimlishi mtu mwezi ujao, na ukame hudumu miezi mingi. Nyama ile ile ingalipikwa karibu, katika mtambo mdogo wa mvuke, ingalikuwa akiba.

Siku hizi jambo hilo ni jepesi kuliko lilivyokuwa wakati wa Liebig. Mahali pa chuma pamechukuliwa na mifuko myembamba yenye tabaka za plastiki na alumini, iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya askari. Mfuko hupikwa kwa mvuke kama mkebe, lakini kwa kuwa ni mwembamba, moto hufika katikati upesi, kuni hupungua, na nyama haipondeki. Tena mifuko mitupu elfu ni mzigo mdogo kwa lori, ila mikebe mitupu elfu ni mzigo wa hewa tupu. Kinachobaki ni kile kisichonunuliwa dukani: mtu wa mahali pale aliyejifunza kupima joto, asiyepunguza dakika hata moja kwa sababu ya uchovu, na anayejua kwamba kosa lake halionekani kwa macho.

Kabla hatujaagana, msomaji, yashike mambo haya ya nyumbani. Mkebe uliovimba usiuonje hata kidogo. Utupe mbali na watoto na wanyama. Mkebe uliopata kutu ya kutoboa, au uliobonyea kwenye mshono, usiuamini. Na mkebe ukiisha kufunguliwa, umerudi kuwa nyama mbichi: ule siku hiyo hiyo. Kinga yote ilikuwa katika kifuniko.

Historia hii imepita mahali pengi, kutoka vyungu vya wafugaji hata chupa za Appert, kutoka Bermondsey hata Athi River. Mahali pote mambo mawili yameonekana. Moto hauna upendeleo; ukipewa kiasi chake, huihifadhi nyama ya tajiri na ya maskini sawasawa. Upendeleo umo katika mambo ya wanadamu: mtambo umejengwa wapi, nani auendeshe, na mwenye ng'ombe alipwe nini. Wewe uliye shuleni leo Lodwar au Kakuma unafundishwa kanuni za joto na mvuke. Usizisome kama habari za mbali. Huenda wewe ndiwe utakayeifanya methali yetu iwe kweli katika nchi yako, hata nyama nayo iwe akiba isiyooza.